Mrututu wa Kila Asubuhi

Hakuna mtu aliyemfukuza Dadacha barazani. Wafugaji ni watu wa adabu, na isitoshe yeye ndiye aliyewachanjia ng'ombe wao kwa miaka thelathini. Walichofanya ni kuhama upepo tu. Alipokuja na kigoda chake baada ya swala ya alasiri na kukaa ukutani pa duka la Abdinur, mmoja alikohoa kidogo, mwingine akakumbuka kwamba jua linampiga, na kabla chai haijapoa wote walikuwa wamehamia upande upepo unakotoka. Yeye akabaki upande unakoelekea, na kikombe chake. Kikombe hicho kilifungwa uzi mwekundu kwenye mkono ili kisichanganyike na vingine. Hakuna aliyemweleza sababu, naye hakuuliza, maana pua anayo.

Kidonda kilikuwa kwenye mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kilianza mwaka ule wa ukame mkubwa, 2022. Siku moja Dadacha alikuwa akimburuta kwa kamba ng'ombe wake wa mwisho, mzoga tayari, ili asimwozee mlangoni. Akajikwaa kwenye kichaka cha mathenge, mwiba ukamwingia hadi mfupani. Mwiba ulitolewa siku ileile. Kidonda ndicho kilichokataa kutoka.

Mtu mwingine angekwenda zahanati. Lakini Dadacha aende zahanati na yeye ni daktari? Chuo hakukiona, ni kweli. Alianza ujanani kwa kumbebea mkoba bwana mifugo mmoja, bwana mifugo akahamishwa, mkoba ukabaki. Tangu hapo, kuanzia Garsen hadi ng'ambo ya Kulesa, ng'ombe akichechemea ni yeye aliyeitwa. Na katika miaka yote hiyo kulikuwa na jambo moja alilolijua kama jina lake: kidonda cha mnyama kikiota nyama nyekundu inayotuna, inayotoa damu ukiigusa, hiyo ni nyama mbaya, na dawa yake ni mrututu. Unasaga yale mawe ya buluu, unanyunyiza, nyama inaungua, kesho unarudia. Punda wangapi wamepona mikononi mwake kwa mrututu! Basi kila asubuhi, baada ya kuswali, alifungua kopo lake, akauma ncha ya shuka, akajichoma.

Kadra, mkewe, ndiye pekee aliyekaa upande ule ambao upepo ulipeleka harufu. Aliweka kigoda chake palepale, akasuka mkeka wake, akapiga soga kama kawaida. Alisema jambo moja tu kuhusu kidonda, akalirudia mara nyingi kiasi cha kuchosha: "Wacha hiyo nyama, Dadacha. Inajaribu."

"Nani daktari hapa?" Dadacha alimjibu kila mara, na Kadra akacheka.

Mafuriko yalipokuja baada ya ukame, barabara ikakatika. Kadra alishikwa na kifua, wakamtia kwenye boti, na hakufika hospitali. Maji yalipopungua, wazee wakaamua kijiji kihamie kwenye mwinuko.

Sasa, kwa Waorma, watu wake Dadacha, nyumba ni ya mwanamke. Yeye hukata fito, husuka mikeka, huisimamisha, na watu wakihama ni yeye huivunja na kuipakia. Mwanamume hana neno juu ya nyumba, analala tu. Wanawake walivunja kijiji kizima kwa siku mbili. Muna, binti yake Dadacha, aliyeolewa na mtu wa kijiji hichohicho, alikuja na wenzake wawili kuivunja nyumba ya mamake. Wakamkuta babake amesimama mlangoni.

"Aba, tupishe."

"Mamako aliiacha hivi. Haiguswi."

"Aba, mikeka imelowa. Itaoza."

"Haiguswi, nimesema."

Muna alilia, akaondoka. Alidhani ni majonzi, na majonzi yalikuwepo, lakini nitasema ukweli wote. Dadacha aliogopa. Alijua kule juu watamjengea, watamsalimu, watamletea chai katika kikombe chenye uzi, halafu watahama upepo. Aliona afadhali kuwa peke yake pasipo na watu kuliko kuwa peke yake katikati yao. Aliapa moyoni kwamba kidonda kikifunga atapanda, kisipofunga hapandi. Akabaki uwandani na nyumba moja inayooza, na kopo la mrututu, na nzi.

Mwaka ukapita hivyo. Muna alimtumia bodaboda na chakula kila wiki, na mwisho akamshika kwa nguvu, akampeleka hospitali kubwa. Daktari wa upasuaji aliutazama mguu, akaandika barua. Akirudi baada ya wiki sita na hali ni ileile, mguu ukatwe chini ya goti. Kwa wiki hizo sita akafungwe kidonda kwenye zahanati ya karibu, Jumatatu na Alhamisi.

Huko ndiko alikokutana na Nyevu, muuguzi, Mgiriama wa upande wa Tarasaa, msichana mwenye miwani na mikono isiyo na haraka. Alimpima sukari, haikuwepo. Akapapasa mshipa wa juu ya unyayo, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kwani damu ilikuwa ikipita vizuri. Kisha akainama juu ya kidonda bila kukunja uso, na Dadacha akatazama pembeni kwa aibu.

"Mzee, hapa unapaka nini?"

"Maji na sabuni tu, sista."

"Maji na sabuni haviachi rangi ya buluu kwenye kitambaa."

Dadacha alikunakuna ndevu. Miaka mingi hajakamatwa na uongo wa kitoto namna ile.

"Iko mrututu," akasema. "Kidogo tu. Nachoma nyama mbaya."

"Nyama mbaya ikoje?"

"Nyekundu. Inatuna. Ukigusa, damu. Mimi daktari ya ng'ombe, sista, miaka thelathini. Hiyo nyama naijua."

"Unachoma kila siku?"

"Kila asubuhi. Hata siku ya Idi."

Nyevu aliweka chini koleo lake dogo la vidonda. Akavuta kiti, akaketi mbele yake, karibu sana, na Dadacha akageuza mguu bila kufikiri ili upepo wa dirishani usimpelekee harufu.

"Nikueleze kitu," Nyevu alisema. "Hapo ulipokaa, mwilini mwako kuna chembe hai, ndogo zisizoonekana kwa macho, zinazokufa. Nyingi mno, kila dakika, na hata huumwi. Unajua kwa nini? Kwa sababu chembe ikifika siku yake hufa kwa utaratibu. Hujikunja, hujigawa vifurushi vidogo, na kwa nje huweka alama ya kusema nichukueni. Kuna chembe nyingine ambazo kazi yao ni kula. Zinapita, zinaimeza kabla haijapasuka. Na mlaji akishameza mfu wa namna hiyo hubadilika. Huacha kuita vita, huanza kuita mafundi waje wajenge. Hivyo ndivyo kidonda kinavyofunga."

"Na hii yangu?"

"Yako unaichoma. Chembe iliyochomwa haina nafasi ya kujikunja, inapasuka. Vya ndani vinamwagika, na mwili ukivionja tu unajua kuna hatari, unaleta askari. Askari hao wana sumu yao, na maisha yao ni mafupi, nao wanafia palepale. Maiti wanawazidi walaji. Hata waliokufa kwa utaratibu, wakikaa bila kuondolewa, nao wanapasuka. Wakipasuka, askari wengine wanaitwa. Vita haviishi, mzee, na adui hayupo tena. Mwiba ulitoka miaka mitatu iliyopita."

Dadacha alitazama dirishani. Nje bodaboda ilisubiri ikiwa imezimwa.

"Mwaka ile ya ukame ulikuwa hapa?" akauliza.

"Nilikuwa chuoni."

"Basi hukuona. Mwanzo ng'ombe anaanguka jioni, asubuhi iko mifupa tu. Safi. Fisi amefanya kazi, tumbusi amefanya kazi. Baadaye wanaanguka kumi, ishirini. Fisi anakuja, ananusa, anaenda zake. Tumbusi iko chini, imeshiba, haiwezi kuruka. Hata fisi alikuwa anachagua, sista. Hapo ndio uvundo ilianza."

"Ndiyo hivyo hasa," Nyevu alisema polepole. "Fisi wako wameshiba, na wewe kila asubuhi unawaongezea mizoga."

Dadacha aliutazama mguu wake, halafu akauliza afanye nini. Nyevu akamwambia aoshe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, afunge bandeji ya kukaza, auinue mguu anapokaa, alale mahali pakavu. Nyama nyeupe iliyokufa Nyevu mwenyewe ataiondoa kwa koleo, kidogo kidogo, kuwasaidia walaji. Zaidi ya hapo hakuna kazi. Na hilo kopo la mrututu alilete Alhamisi.

Alhamisi alisema limepotea. Lilikuwa chini ya kitanda.

Wiki ya kwanza ilikuwa ndefu. Asubuhi zilimpita mikono mitupu, kama mvutaji aliyenyang'anywa sigara. Aliketi mlangoni mwa nyumba ya Kadra, mguu juu ya gogo, akatazama mahali kijiji kilipokuwa. Bado aliweza kumtaja kila mtu kwa duara lake la udongo: hapa kwa Abdinur, hapa kwa Muna alipoolewa, pale kwa bibi aliyekuwa akigombana na mbuzi. Alizungumza na Kadra kwa sauti, akajijibu, akaona haya, akanyamaza. Siku nyingine hakusikia sauti yoyote ila mikeka iliyooza ikidondoka vipande juu ya kichwa chake.

Wiki ya tatu, asubuhi moja alipokuwa akiosha, aliiona. Ilikuwa imeota pembeni, halafu katikati. Nyekundu. Ilitunatuna, ilikuwa na chembechembe kama za komamanga, na alipoigusa kwa pamba damu ikachirizika. Miaka thelathini yote ilimwambia neno moja. Akaingia ndani, akapiga magoti, akalitoa kopo. Akalifungua. Akachota.

Mkono wa kulia ulikuwa na mrututu, wa kushoto ndio ukashika simu.

"Sista. Imekuja."

"Nini imekuja?"

"Nyama. Nyekundu."

"Inang'aa? Ina chembechembe?"

"Ndio. Na damu."

Akasikia Nyevu akicheka, kicheko cha furaha, kama cha mtu aliyeletewa habari ya harusi.

"Usiiguse, baba! Hiyo ndiyo tunayoingoja. Hiyo ndiyo nyama yako mpya. Walaji wamemaliza, mafundi wamefika."

Dadacha aliinama, akaitazama ile nyama tena.

"Sista," akasema, "hii naijua. Nimeiona mara nyingi."

"Uliiona lini?"

"Kila asubuhi."

Simu ilipokatika alikaa vilevile, unga wa buluu ukimtoka vidoleni. Inajaribu, Kadra alisema. Hakuwa na mkoba wala kopo, hakuwahi kumshika punda mguu, alikuwa akikaa tu pale harufu inapokwenda na kutazama, na aliona sawasawa. Zaidi ya asubuhi elfu moja mwili wake Dadacha ulikuwa umeanza upya, na asubuhi zaidi ya elfu moja yeye mwenyewe akauua na kujisifu. Angemsikiliza mkewe, mwaka wake wa mwisho wangekaa barazani wote wawili, katikati ya watu. Alilia kwa sauti. Kulikuwa na faida moja ya kuishi peke yake uwandani, kwamba hakuna aliyemsikia, na siku hiyo aliichukia faida hiyo kuliko kitu chochote duniani.

Alilimwaga kopo katika shimo la choo, akaosha mikono mara tatu.

Wiki ya tano nzi wakamhama. Alitambua mchana mmoja, akakaa akiwangoja, hawakuja. Sasa hata wao! Bandeji zilitoka karibu kavu. Lakini harufu je? Pua yake ilikuwa imeishi na kidonda miaka mitatu, haikuwa ya kuaminika, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Alinusa bandeji, akanusa shuka, akanusa mkono. Hakusikia kitu, na hakujua kama ni kwa sababu hakuna kitu.

Wiki ya sita Nyevu aliweka karatasi ya plastiki juu ya kidonda, akachora ukingo wake kwa kalamu, akailinganisha na mchoro wa siku ya kwanza. Wa kwanza ulikuwa kiganja. Huu ulikuwa kama punje ya maharagwe. Alimwandikia daktari wa upasuaji barua, akamsomea Dadacha kila mstari, na mstari wa mwisho ulisema hakuna haja ya kukata.

"Sista, inanuka?" Dadacha akauliza.

Nyevu aliinama, akanusa. "Inanuka spiriti tu."

Lakini wauguzi wamezoea, Dadacha aliwaza, na wana huruma. Jibu la Nyevu halikumtosha. Alipofika nyumbani alimpigia Muna.

"Njoo uvunje nyumba ya mamako."

Muna alikuja na wenzake kesho yake, kabla jua halijawa kali. Dadacha alikaa mbali na kigoda chake, maana kazi ile si yake. Walianza juu, wakakata kamba moja moja. Mikeka ilimeguka mikononi mwao na ukungu mweusi ukawajaa nguoni. Iliyooza waliitupa upande mmoja, wakaitia moto. Fito waligonga moja moja kwa kisigino, wakasikiliza mlio wake, na zilizokuwa nzima wakazifunga kamba.

"Aba," Muna alisema, akijifuta jasho, "ungetuachia wakati ule, nusu ya mikeka ingepona. Hii ilisukwa na Mama wakati niko mdogo."

"Najua."

"Sasa ni fito tu."

"Najua, mwanangu. Nimekosa."

Muna alimtazama. Hakuwa amelizoea neno hilo kinywani mwa babake. Akaokota kipande cha mkeka kisichooza, upana wa shubiri mbili, akakikunja, akampa, kisha akarudi kazini. Ilipofika adhuhuri palibaki duara la udongo kama maduara mengine yote.

Nyumba ilisimamishwa upya kule juu kwa fito za Kadra na mikeka ya watu. Hakuna aliyepanga vibaya, nina hakika, lakini wanawake walipomaliza, ilikuwa pembezoni kabisa, upande ambao upepo hupeleka harufu mbali na kijiji. Dadacha aliliona hilo mara moja. Akawashukuru.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, alichukua kigoda. Abdinur alikuwa amejenga duka jipya na wazee walikuwa wamekaa ukutani. Wakamsalimu vizuri, wakampa pole ya kuhama, wakamwuliza habari ya mguu. Na wakaanza. Mmoja akakohoa. Mwingine akasogeza kigoda. Hawakuwa wamenusa chochote, ni mazoea tu yaliyowanyanyua, na baada ya muda mfupi walikuwa wote upande wa juu wa upepo, yeye upande wa chini, na nafasi katikati yao. Chai ililetwa. Kikombe kilikuwa na uzi mwekundu.

Dadacha alikunywa mafunda mawili. Kisha akainuka, akachukua kigoda chake, akawapita wote mmoja mmoja, akakiweka mbele yao, upande upepo unakotoka, akaketi. Sasa upepo ulimgusa yeye kwanza ndipo ukawafikia wao. Alivuta shuka juu hadi kwenye goti na kuuacha mguu wazi, kovu na bandeji ndogo. Hakuna alichoweza kufanya zaidi ya hapo. Alikaa na mikono magotini kama mtu anayesomewa hukumu.

Upepo ukaja. Mazungumzo yakasimama. Abdinur, aliyekuwa wa kwanza kuhama siku zote, aliinua pua kama wafugaji wanavyofanya, akavuta hewa, akaishikilia, akavuta tena.

"Nasikia mvua," Abdinur alisema. "Huko inakotoka upepo. Daktari, wewe husikii?"

Hakuna aliyeinuka. Mmoja akasogeza kigoda karibu na cha Dadacha ili amiminiwe chai, mwingine akaanza ubishi juu ya malisho. Dadacha aligeuka nusu, akatazama upande ule wa chini wa upepo, kama ule aliokaa miaka yote, na mahali pa pili kando yake, pa mtu wa kusuka mkeka. Palikuwa patupu. Akajibu kwamba ndiyo, hata yeye anaisikia mvua, ingawa machozi yalikuwa yamemziba pua.